GPS Inapozima Baharini: Kutafuta Hitilafu za Umeme kwenye Boti Ndogo za Lamu

Kusi likishika, malalamiko ni yaleyale kuanzia Kizingitini hadi Shela. GPS imezima katikati ya safari. Simu iko kwenye chaja tangu alfajiri na bado asilimia zinashuka. Redio ya VHF inasikia vizuri, lakini ukibonyeza kuongea inakufa. Dira imehama. Wengi wakifika hapo hununua kifaa kipya, na kipya nacho kinafanya vilevile, kwa sababu kile cha kwanza hakikuwa kibovu. Umeme ulikuwa haukifikii.

Kwa hiyo shika hili kabla hujafungua chochote: pima umeme pale kifaa kilipo, kikiwa kinafanya kazi. Ukipima kwenye betri peke yake, vitu vyote vimezimwa, utapata namba nzuri na hitilafu itabaki palepale.

Maelezo haya ni ya umeme wa volti 12 kwenye mashua, dau au boti ya faiba yenye mashine ya nje, betri moja au mbili, na pengine paneli ndogo ya sola. Vifaa ni vile vya kubebeka: GPS, fishifainda (kifaa cha kutafutia samaki), redio ya VHF, simu yenye ramani. Kila dalili nimeipangia sababu zake kuanzia ile inayotokea sana. Usiruke ya kwanza ukakimbilia ya mwisho hata kama inaonekana ndogo mno.

Vya kuwa navyo

Mita ya kupimia volti, hata ile ya bei ndogo inatosha. Msasa laini, koleo la kubania ncha za waya, fyuzi za akiba, Vaseline, kitambaa na chupa ya maji matamu. Mita iweke kwenye volti za DC, kipimo cha 20.

Betri ya asidi iliyojaa na kupumzika saa chache husoma 12.6 hadi 12.8. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Ikiwa 12.0 imekaribia kwisha, na chini ya 11.8 unaiharibu. Betri ya lithiamu aina ya LiFePO4 ni tofauti: hukaa karibu na 13.2 muda mrefu, kisha huanguka ghafla mwishoni. Usiihukumu kwa namba za betri ya asidi.

Kifaa hakiwaki kabisa

Anza na plagi. Ile soketi ya gari ya kuwashia sigara, ambayo ndiyo imejaa kwenye boti zetu, haikutengenezwa kwa ajili ya mawimbi. Plagi yake ina springi kwenye ncha, na springi hiyohiyo ndiyo inayoisukuma nje boti ikidunda. Isukume ndani huku ukiizungusha. Kifaa kikiwaka, sababu umeipata.

Kisipowaka, fungua ncha ya plagi kwa kuizungusha. Nyingi ndani yake zina fyuzi ndogo ya kioo ambayo mwenye boti hajui hata kama ipo. Fanya hivyo juu ya kitambaa kilichotandikwa, maana springi huruka ikapotelea kwenye ngama, kule chini kabisa ya boti maji yanakokusanyika. Tazama ule uzi ndani ya kioo: ukiwa umekatika au kioo kimepiga weusi, badilisha kwa fyuzi ya namba ileile. Hapo hapo angalia chuma cha kati ndani ya soketi. Kikiwa na ukungu wa kijani, chomoa kwanza fyuzi kuu ya betri, kisha kisugue kwa msasa. Usiingize chuma kwenye soketi yenye umeme.

Ikiwa plagi ni nzima, nenda kwenye fyuzi ya karibu na betri, kisha vichwa vya betri vyenyewe. Kichwa kinachozunguka kwa kidole hakijakazwa. Unga mweupe au wa kijani uoshe kwa maji matamu, ukaushe, ung'arishe chuma, ukaze, ndipo upake Vaseline juu. Usipake Vaseline kwanza halafu ukakaza, kwa sababu chuma kwa chuma ndicho kinachopitisha umeme.

Baada ya hapo, hakikisha waya haukugeuzwa. Boti nyingi zimefungwa kwa waya wa nyumba wa kahawia na buluu, au kwa chochote kilichopatikana dukani, na fundi aliyefuata akaunga kwa rangi zake. Usiamini rangi. Weka ncha nyekundu ya mita kwenye waya unaodhani ni chanya. Mita ikionyesha alama ya kutoa mbele ya namba, umegeuza.

Betri ya lithiamu inaweza kusoma sifuri au volti chache tu bila kuwa imekufa. Ndani yake kuna kinga ya kielektroniki inayojifunga betri ikishuka sana. Iunganishe na chaja ya lithiamu, kinga ifunguke. Isipoamka, au ikiwa imevimba au inatoa harufu, iache.

Kifaa chenyewe kishuku mwisho. Kipeleke kwenye betri nyingine iliyo nzima, ukikiunga moja kwa moja kupitia fyuzi. Kikigoma na huko, sasa ndicho kibovu.

Kinawaka, kisha kinazima mashine ikipigwa stata au redio ikibonyezwa

Hii ndiyo dalili inayowapotezea watu fedha nyingi, na ndiyo ninayotaka tuitazame polepole.

Sababu ya kwanza ni stata. Mashine ya kuwashwa kwa stata huvuta umeme mwingi mno kwa sekunde chache, na volti za betri zinaweza kuanguka chini ya 10. GPS na fishifainda huzima na kuanza upya, na pengine njia uliyokuwa unairekodi ikapotea. Jaribio lake ni rahisi: washa mashine kwanza, ndipo uwashe vifaa. Tatizo likiisha, dawa ya kudumu ni betri ndogo ya pekee kwa ajili ya vifaa, isiyoguswa na stata. Hata kwa mashine ya kuvutwa kamba napendelea hivyo: betri ya vifaa ijitegemee, ili redio ikimaliza umeme usikose wa kuwashia mashine, na kinyume chake.

Sababu ya pili ni waya mwembamba na mrefu. Chukua mfano. Betri iko tezi, yaani nyuma ya boti, redio iko mbele mita 4. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo waya ni mita 8. Redio ya wati 25 ikiongea huvuta karibu ampea 5.5. Kwa waya wa milimita 0.75 za mraba, kiasi cha volti 1 hupotelea njiani. Betri ikiwa na 12.2, redio inapata 11.2, na GPS iliyofungwa kwenye waya huohuo inapata hiyohiyo. Kwa waya wa milimita 2.5 za mraba kinachopotea ni kama volti 0.3. Redio inaposikiliza tu huvuta kidogo sana, ndiyo maana unaisikia vizuri na inakufa pale tu unapojibu.

Sababu ya tatu ni maungio yaliyoliwa na chumvi. Haya yanaweza kuonekana mazima kwa nje. Chagua ungio lolote lililofungwa kwa tepu nyeusi, lifungue, kisha ukate ganda la waya nyuma yake kidogo kidogo. Mara nyingi utakuta shaba ndani ni nyeusi kama sufuria ya kuni, na weusi huo umepanda mbali chini ya ganda ambapo macho hayafiki. Maji ya chumvi huingia kwenye ncha na kufuata nyuzi za shaba. Tepu haiyazuii; huyafungia ndani.

Sasa namna ya kujua ni ipi kati ya hizo, bila kubahatisha. Washa kila kitu unachotumia safarini. Mwenzako abonyeze redio kwenye chaneli ya kazi, si 16 ya dharura, antena ikiwa imeunganishwa. Redio ikitangaza bila antena inaweza kuungua. Wakati amebonyeza, weka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha chanya cha betri na nyingine kwenye waya wa chanya unapoingia kwenye kifaa. Namba unayoiona ni volti zinazopotea upande huo. Rudia upande wa hasi: kichwa cha hasi hadi hasi ya kifaa. Jumla ikiwa chini ya 0.4, waya wako ni mzuri, na tatizo ni betri au kifaa. Ikizidi, sogeza ncha ya mita kutoka kwenye kifaa kurudi kwenye betri, ungio kwa ungio. Pale namba inapoanguka ghafla, hitilafu iko kati ya hapo na mahali ulipotoka kupima. Wengi hupima chanya wakasahau hasi, na hasi ndiyo mara nyingi imeungwa ovyo.

Marekebisho: kata waya hadi ufike kwenye shaba inayong'aa. Tumia ncha za kubana, pamoja na ule mpira wenye gundi ndani unaonywea kwa moto. Kwa waya mpya tafuta ule wa boti wenye nyuzi nyingi za shaba zilizopakwa bati. Ni ghali kuliko wa nyumba, nao wa nyumba wenye uzi mmoja mnene hukatika kwa kutikisika. Usitegemee solda peke yake. Waya huwa mgumu pale solda inapoishia, na hapo ndipo unapovunjika.

Ikiwa hitilafu inakuja pale tu mashine inapoongezwa kasi, wala si kwenye stata, geuza fikra. Pima betri mashine ikiwa mbio. Mashine ndogo nyingi hutoa umeme wa taa ambao haukurekebishwa, na bila regulita (kidhibiti cha volti) zinaweza kupita 15. Vifaa vingine hujizima kujilinda, vingine huungua. Ukiona zaidi ya 15, chomoa vifaa vyote na usivirudishe hadi fundi wa mashine aangalie regulita.

Simu inaandika inachaji, lakini asilimia zinashuka

Ramani, skrini yenye mwanga wote kwa sababu ya jua, na GPS vikiwaka pamoja, simu inakula umeme mwingi. Chaja ikileta kidogo kuliko kinacholiwa, asilimia zitashuka huku alama ya chaji ikiwaka.

Badilisha kebo kwanza. Kebo ndefu na nyembamba za bei rahisi hupoteza volti, na kwenye USB ya volti 5 nusu volti ni nyingi. Tumia fupi na nene. Kisha angalia chaja: tundu la kawaida la zamani hutoa nusu ampea tu, haliwezi kulisha simu yenye ramani. Tafuta yenye ampea 2 au zaidi. Kuna pia kebo zisizo na nyaya za data. Simu ikishindwa kutambua chaja hujizuia na kuvuta kidogo.

Joto ni sababu ambayo watu wa pwani wanaipita. Simu iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki juani saa saba mchana itapunguza chaji au kuikataa kabisa, na hilo si kosa lake. Ihamishie kivulini, punguza mwanga wa skrini. Usiiweke kwenye barafu ya samaki, unyevu utaingia.

Simu ikikuonya kuna maji kwenye tundu, chomoa mara moja. Chumvi pamoja na umeme hula vile vishikizo vidogo kwa muda mfupi. Pangusa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo wa maji matamu, uache pakauke kwa upepo. Usiingize pini. Wakati ukisubiri, chaja isiyo na waya inasaidia kama simu yako inaikubali.

VHF inakoroma au GPS inapoteza satelaiti

Mara nyingi mkosaji ni ile chaja ya USB ya kuchomeka. Ndani yake kuna kisakiti kinachokatakata umeme kwa kasi, na za bei ya chini hutoa kelele za redio. Fungua skwelchi ya VHF (ile inayonyamazisha mvumo) kwenye chaneli tupu usikie mvumo, kisha chomoa chaja. Mvumo ukipungua, umempata. Fanya hivyo pia kwa taa za LED na kontrola ya sola (kile kifaa kinachodhibiti chaji ya paneli), kimoja baada ya kingine.

Tenganisha kwanza: chaja ikae mbali na GPS na waya wa antena, mita moja ukiweza. Isipotosha, nunua chaja bora au bana kipande cha feraiti, kile kinachozuia kelele za redio, kwenye waya wake karibu na chaja. Kama kelele haibadiliki ukichomoa kila kitu, basi tazama antena na kiungio chake cha juu mlingotini. Na kama GPS peke yake ndiyo inayotafutatafuta, angalia isije ikawa imewekwa chini ya chuma au nyuma ya mwili wa mtu. Inahitaji kuona mbingu.

Dira imepotoka

Dira haina waya, lakini waya unaigusa. Umeme ukipita hutengeneza sumaku, na spika ya redio na maikrofoni yake vina sumaku tayari, kama ilivyo kwa baadhi ya mifuko na vishikio vya simu.

Boti ikiwa imefungwa gatini na haizunguki, soma dira. Washa kifaa kimoja, soma tena. Zima, washa kingine, bonyeza na redio. Kinachosogeza dira kihamishe. Waya wa chanya na hasi unaopita karibu na dira usokote pamoja toka mwanzo hadi mwisho, kwani sumaku ya mmoja huua ya mwenzake. Hii si kazi ya kuahirisha. Usiku wa giza kwenye mkondo wa Mkanda, maji yakitoka, dira ndiyo inayobaki umeme ukikatika.

Betri haifiki asubuhi

Kabla ya kulaumu betri, piga hesabu. GPS yenye skrini ya wastani ampea 0.8 kwa saa 10 ni ampea-saa 8. VHF ikisikiliza, kama 4. Kuchaji simu mara mbili, karibu 3. Taa ya LED, 3. Jumla 18. Betri ya asidi isitumiwe kupita nusu, kwa hiyo unahitaji ya ampea-saa 40 hivi. Ile ndogo ya 7 iliyo kwenye boti nyingi haiwezi, iwe mpya au kuukuu.

Kama hesabu inakubali na bado haifiki, basi pengine haijai. Paneli ya wati 50 isiyo na kivuli huku kwetu hurudisha takribani ampea-saa 14 kwa siku nzuri. Kivuli cha tanga au kamba kikiiangukia, hupungua sana. Unapofunga kontrola, unga betri kwanza, paneli baadaye. Na betri ya asidi iliyoachwa tupu kwa wiki nyingi boti ikiwa imepandishwa pwani hupoteza uwezo ambao hautarudi kamili. Dalili yake: inajaa haraka na kwisha haraka.

Fyuzi inakatika tena na tena, au waya unapata joto

Hapa usijaribu fyuzi kubwa zaidi. Fyuzi hulinda waya usiungue. Kifaa kina ulinzi wake. Ya buluu ni ampea 15, ya njano 20, ya kijani 30, na zote ni kubwa mno kwa waya mwembamba wa GPS, ambao 3 inautosha. Redio ya wati 25 ipe 10. Ile karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara inayozungushwa kwenye fyuzi iliyokatika imewahi kuwepo kwenye boti nyingi mno, na ikikupita mkononi itupe. Fyuzi kuu ikae karibu na kichwa cha chanya, isizidi shubiri moja, kwa sababu kipande cha waya kabla ya fyuzi hakina ulinzi wowote.

Chomoa vifaa vyote, weka fyuzi ya namba sahihi. Isipokatika, rudisha kifaa kimoja kimoja hadi ikatike. Ikikatika na hakuna kifaa, waya umechubuka mahali: angalia unapopita kwenye mataruma (mbavu za boti), chini ya sakafu, na popote ulipobanwa kwa msumari.

Wakati wa kuacha na kumwita fundi

Ukinusa petroli, usiguse swichi yoyote, usichomoe hata betri. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutulia kwenye ngama, na cheche ndogo inatosha. Shusha watu, fungua vifuniko, acha upepo upite hadi harufu iishe, kisha mwite fundi wa mashine.

Acha pia ukiona betri imevimba au ina joto bila kutumika, ganda la waya limeyeyuka, volti zimepita 15 mashine ikiwa mbio, au fyuzi ya namba sahihi inakatika na hujaona mchubuko. Umeme wa volti 240 wa gatini, ikiwemo chaja ya betri inayochomekwa huko, ni kazi ya fundi wa umeme mwenye leseni peke yake; karibu na maji huo unaua.

Ukimwita, mpe namba ulizoandika: volti za betri zikiwa zimepumzika, volti kwenye kifaa kikifanya kazi, volti zilizopotea upande wa chanya na upande wa hasi, na volti mashine ikiwa mbio. Mwambie pia ni kifaa gani kilikuwa kimewashwa hitilafu ilipotokea. Mpaka atakapomaliza, usitoke na boti hiyo nje ya mlango wa bahari bila dira, GPS ya mkononi yenye betri zake, na pawabenki iliyojaa ndani ya mfuko usioingia maji.